Kuhamia Mji wa Mbali kwa Ajili ya Kazi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kijana mmoja wa Pangani ameniletea barua huku Karagwe niliko, akiniuliza neno ambalo vijana wengi wa Mrima wamekwisha niuliza kwa mdomo. Nimeona bora nilijibu kwa kupiga chapa, ili jawabu lisimfalie yeye peke yake.

SUALI. Tajiri mmoja anunuaye kahawa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa ataka niwe karani wake, nizunguke vijijini na daftari. Ameniahidi nauli, na chumba cha kulala, na mshahara ambao asema tutapatana nikifika. Nina mke na mtoto mmoja, na mama yangu ni mjane. Nina deni dukani. Nimesali istikhara siku tatu wala sikuota kitu. Je, nihame au nisihame?

JAWABU. Jua, ewe mwanangu, ya kuwa wewe umeuliza habari za mji, na mimi nitakujibu kwanza habari za kazi. Vijana wetu wakitaka kuhama huuliza: Je, kuna baridi? Kuna msikiti? Wenyeji wana tabia gani? Wala hawaulizi: Hiyo fedha nitakayolipwa itatoka katika kitu gani? Na hili la mwisho ndilo lililopasa kuwa la mwanzo.

Safari kwa asili yake ni ruhusa. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Al-Mulk ya kuwa ametulainishia ardhi tupate kutembea pande zake na kula katika riziki yake. Walakini safari haina hukumu yake yenyewe. Hufuata hukumu ya lile liendewalo. Mtu akiendea wajibu, safari yake ni wajibu. Akiendea haramu, kila hatua aipigayo ni ya haramu, hata kupunguza sala hana ruhusa katika madhehebu yetu.

Imamu wetu Shafi'i mwenyewe, Mungu amrehemu, alihama kwa ajili ya kazi. Alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, akalelewa Makka katika ufukara, akasoma kwa Imamu Malik huko Madina. Baadaye alitafutiwa kazi ya serikali Yemen, na wapokezi wa habari zake wamesimulia ya kuwa mama yake hakuwa na cha kumpa, hata akaweka nyumba rehani apate masurufu ya njia. Akafanya kazi Najran. Watu wa huko walizoea kuwalainisha wakubwa kwa hila na kujipendekeza, na yeye alipokataa na kushika uadilifu akajipatia maadui, hata mwaka 184 akachukuliwa mbele ya Harun ar-Rashid kwa mashitaka ya fitina, na Mwenyezi Mungu akamwokoa. Basi usidhani ya kuwa kutoka kwenda kutafuta mshahara ni aibu kwa mtu wa dini. Lakini tazama: yeye aliingia katika kazi ya halali, na taabu ikampata kwa kuwa alitaka ibaki halali.

Wala wewe si mtu wa kwanza wa pwani kuelekeza uso wake Karagwe. Kabla ya reli na kabla ya Wadachi, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikaja Tabora, na kutoka Tabora ikapanda hata Karagwe kwenda Buganda. Katika zama za Mfalme Rumanyika, ambaye Speke alimkuta mwaka 1861, Waarabu na watu wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya mfalme. Hapo Kafuro ndipo Stanley alipomkuta Ahmed bin Ibrahim mwaka 1876, mzee aliyekuwa amekwisha fika Buganda tangu mwaka 1844, na ndiye atajwaye kuwa alimhadithia Kabaka Suna habari za Mwenyezi Mungu. Hiyo ni sifa kubwa, wala hatuipunguzi. Walakini biashara iliyowaleta watu wale ilikuwa pembe na nguo na shanga, na pamoja na hayo watumwa. Twasoma habari zao tukajifakhiri kwa umbali waliofika, tukalipita lile la watumwa upesi upesi kama mtu apitaye penye uvundo. Mimi naona tusilipite. Kwenda mbali si fadhila. Fadhila ni kile ulichokwenda kukifanya.

Sasa tuje kwenye daftari la tajiri wako.

Huku mali ya watu ni ndizi na kahawa. Ndizi ni chakula chao, na kahawa ndiyo fedha yao, nayo huvunwa kuanzia kama mwezi wa tano au wa sita hata wa tisa. Katikati ya mavuno na mavuno mkulima hana kitu mkononi, na hapo ndipo mtoto arudishwapo shuleni kwa karo, au mgonjwa atakiwapo kupelekwa hospitali, au msiba uingiapo. Basi huja mtu mwenye fedha akamwambia: Nikupe hizi leo, na kahawa ya mibuni yako ikiiva itakuwa yangu. Na kahawa wakati huo ni maua, au ni mbichi tupu. Bei ampayo huwa chini sana ya ile itakayokuwa sokoni siku ya kuvuna. Biashara hii yaitwa butura, na kila mtu wa Kagera aijua. Serikali imeikataza, na wakulima wenyewe huilalamikia, na bado huiendea, kwani shida haina macho.

Hukumu yake katika fikihi yetu si jambo la kutafutwa kwa taa. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Ibn Umar ya kuwa Mtume s.a.w. alikataza kuuza matunda mpaka kuonekana kufaa kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi. Na katika hadithi ya Anas ameieleza sababu: ikiwa Mungu ameyazuia matunda yasitoke, mtu atahalalisha kwa lipi fedha ya nduguye aliyokwisha itwaa? Mashafi'i wakasema: tunda lisiloonyesha kuiva haliuzwi likiwa mtini, illa kwa sharti ya kulikata pale pale, na liwe ni kitu chenye manufaa likiwa vile vile. Na kahawa mbichi ikikatwa itamfaa nani?

Na wako wasemao: Sisi hatununui mibuni; twamkopesha, naye atatulipa kwa kahawa. Hawa wametoka katika shimo moja wakaingia katika la pili. Mkopo ulioshurutishwa faida kwa mkopeshaji ni riba, ijapokuwa faida hiyo imefungwa ndani ya gunia.

Uko mlango wa halali, nao ni salamu. Mnunuzi hutoa thamani yote palepale kikaoni, na muuzaji hujitwika dhima ya kumletea kahawa ya namna iliyoelezwa, ya maganda au iliyokobolewa, kwa kilo zinazojulikana, siku inayojulikana, mahali panapojulikana. Si kahawa ya shamba fulani wala ya mibuni ile. Shamba likikauka, dhima yake i palepale, na aweza kuinunua kwa jirani akaileta. Bei ya salamu kuwa chini kidogo si haramu, kwani mwenye kutanguliza fedha ana haki ya kupunguziwa. Illa nikwambie niliyoyaona kwa macho yangu: katika hizo daftari za vijijini sijaona hata moja iliyotimiza sharti hizi. Huandikwa jina la mkulima, na fedha aliyopewa, na hesabu ya mibuni au magunia, basi.

Labda utasema: Mimi si tajiri, mimi ni karani tu, naandika niliyoambiwa. Basi soma katika Muslim hadithi ya Jabir, uone ya kuwa laana ya Mtume s.a.w. katika riba haikuishia kwa alaye, bali ilimpata alishaye, na mwandishi, na mashahidi wawili, naye akasema wote ni sawa. Kalamu yako, mwanangu, ndiyo kazi yenyewe unayoitiwa.

Lau tajiri huyo anunua kahawa iliyokwisha kuvunwa, kwa mizani ya haki na kwa fedha mkononi, au lau ungepata nafasi katika vyama vya msingi vya wakulima, ambavyo huku viko chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe kilichoko Kayanga, nisingekuwa na neno. Hapo ningekwambia funga mzigo. Na jihadhari pia na kahawa ivushwayo usiku kwenda Uganda kwa magendo. Nayo ina makarani wake, na hao hulala mahabusu wakati matajiri wao wamelala vitandani.

Ama mshahara, maneno ya "tutapatana ukifika" hayafai. Ijara haisihi illa ujira ujulikane, na kazi ijulikane, na muda ujulikane. Mtu akifanya kazi kwa mapatano mabovu, ana haki ya ujira wa mfano, yaani ule walipwao wenziwe kwa kazi kama ile. Lakini ni nani atakayekudaia mahali usipojuana na mtu? Mimi nasema haya kwa kuwa yalinipata. Nalipokuja huku mara ya kwanza naliitwa kusomesha watoto, nikaambiwa hayo hayo ya kupatana nikifika. Nikafika. Mwezi wa kwanza nikapewa mkungu wa ndizi na shukrani. Mwezi wa tatu nikauliza, nikaambiwa mwalimu wa Kurani hauzi elimu yake. Mke wangu pwani alikuwa akikopa unga. Nami sikuwa na nauli ya kurudi. Mwaka mzima ulipita nami sina ujira unaojulikana, na aibu kubwa ni ya kwangu, kwani mlango wa ijara nalikuwa nimeusoma na kuusomesha.

Na hapo nimekwisha kufika kwa mkeo. Nafaka yake ni wajibu juu yako, uwepo au usiwepo. Na kwetu sisi Mashafi'i, siku usiyompa haifutiki, huandikwa deni shingoni mwako hata kadhi asipohukumu. Ukimtaka afuatane nawe, na njia ni ya amani, na nyumba ni ya kumfaa mtu kama yeye, yampasa kukufuata. Lakini chumba alichokuahidi tajiri ni cha karani mmoja na magunia yake, si nyumba ya mke na mtoto. Na ukimwacha, usimwache mwaka. Wamepokea ya kuwa Sayyidna Umar alimwuliza bintiye Hafsa mke aweza kumvumilia mume muda gani, akamtajia miezi minne, na katika mapokezi mengine sita, na Umar akawawekea askari wake mpaka katika hilo. Kutoka Pangani hata huku njia yapita kilomita 1,200. Nauli ya kwenda na kurudi ihesabu ndani ya mshahara kabla ya kuukubali, si baada yake.

Mama yako mjane, ikiwa hana wa kumlisha ila wewe, haki yake yatangulia. Safari ya chumo isiyo na khatari haikatazwi kwa ajili ya wazazi, walakini kumwacha bila mtu wala kitu ni haramu. Na deni la dukani, likiwa limefikia muda wake nawe unacho cha kulipa, usitoke ila kwa idhini ya mwenye kukudai, au uweke wakili wa kukulipia.

Ama istikhara, watu wameigeuza kuwa ramli. Katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Bukhari hamna ndoto. Ni rakaa mbili na dua, na mtu humwomba Mola wake amchagulie kheri katika jambo ambalo amekwisha jua ni la ruhusa, baada ya kutaka shauri kwa wajuao. Jambo la haramu halina istikhara. Wewe uliisali kabla ya kujua kazi ni ipi. Basi iache kwanza, utairudia.

Yaliyobaki ni mepesi. Baridi iko, kwani nchi hii ni ya milima, na koti utalihitaji. Nazi haioti huku. Utakula ndizi na maharage mpaka utayapenda. Waislamu ni wachache kuliko Wakristo, na majirani ni watu wema, wala hapana akuzuiaye kudhihirisha dini yako. Ukinuia kukaa siku nne kamili, usihesabu ya kuingia wala ya kutoka, safari imekatika na sala hazipunguzwi. Na Ijumaa itakupasa penye kusaliwa. Lakini ukiwa na nia ya kurejea kwenu mkataba ukiisha, wewe ni mkaaji, si mwenyeji, nawe hutahesabiwa katika arobaini. Nalitaja hili kwa kuwa wako waniandikiao ya kuwa watakuja kutimiza idadi yetu. Idadi yetu hutimizwa na wenye kuoa na kujenga hapa.

Basi mwandikie tajiri, umwulize mambo matatu, naye akujibu kwa maandishi: kahawa aitakayo ni ya mtini au iliyovunwa, mshahara ni shilingi ngapi kwa mwezi, na muda ni mwaka mmoja au zaidi. Nauli yake usiipokee kabla ya majibu hayo kufika. Ukiila utakuwa u mdeni wake, na mdeni aliye mbali na kwao huandika chochote aambiwacho.

Wallahu aalam.