Kikundi Kiwe Tayari Kabla Hajatoka Gerezani

Ndugu aliyekuwa akitumia unga anapokaribia kumaliza kifungo, familia huhangaikia nauli, nguo na mahali pa kulala. Hayo yote yana maana, lakini kinachookoa maisha ni watu wa kuwa naye wiki mbili za mwanzo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Ndani ya wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine, na kuzidisha dawa za kulevya ndiko kulikoua wengi zaidi. Mwili uliokaa muda mrefu bila heroini hauhimili tena kiasi cha zamani. Kete aliyoizoea kabla ya kufungwa inaweza kumkata pumzi.

Kuunda kikundi

Watu wachache wanaoaminiana wanatosha kuanza. Kiongozi afaaye ni aliyepitia uraibu na gereza, akakaa muda mrefu bila kutumia. Huyo hadanganywi wala hashtuki. Kutaneni mbali na vijiwe: ofisi ya serikali ya mtaa, ukumbi wa msikiti au kanisa. Ombeni kibali cha uongozi wa gereza ili mmoja wenu aonane naye mapema, kisha ampokee langoni. Msipompokea ninyi, wenzake wa zamani watampokea.

Kuendesha vikao

Wiki mbili za mwanzo kutaneni kila siku mkiweza. Baadaye siku na saa zilezile kila wiki. Kila mmoja aseme hamu ilimjia wapi na kesho atapita njia gani. Ya kikaoni yabaki kikaoni. Wanawake wawe na kikao chao, kwani wengi wana mambo wasiyoweza kuyasema mbele ya wanaume.

Kikundi hakichukui nafasi ya tiba. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilianza kutolewa Tanzania katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na sasa kuna kliniki pia Dodoma, Mwanza na Mbeya. Msimbeze anayeitumia kwamba "bado hajaacha", msindikizeni kliniki. Aliyekosa dozi siku kadhaa asirudie kiasi cha zamani kabla ya kuonana na mtoa huduma.

Akiteleza

Msimfukuze. Akija amelewa, akae pembeni na mwenzake mmoja, na kesho yake aitwe tena. Aibu humfanya atumie peke yake chumbani, na hapo hakuna wa kumwokoa.

Dalili za hatari

Aliyezidisha dawa haamki hata akitikiswa, anakoroma kwa shida, pumzi zinakuja mojamoja, midomo imebadilika rangi. Mkimbizeni hospitali na mseme wazi alichotumia, kwa sababu ipo dawa ya kumzindua, nalokisoni. Kama anapumua, mlazeni kwa ubavu. Kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni mkiwa njiani. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, yatampalia.

Kwa ushauri na kuelekezwa kwenye huduma, pigeni bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Kama tarehe ya kutoka inajulikana, kaeni kikao cha kwanza wiki hii. Mwafikiane nani atampokea, nani atalala naye nyumba moja, na nani atampeleka kliniki kesho yake asubuhi.