Duka la Hisani: Somo Kutoka Aya ya 267 ya Suratul Baqarah



Ndugu zangu wanafunzi, mwisho wa mwaka wa masomo ukifika, vyumba vyetu vya kupanga hapa Gisozi hujaa nguo, viatu na vitabu tusivyovihitaji tena. Ipo njia ya kuvigeuza kuwa karo ya mtoto: duka la hisani. Watu hutoa vitu bure, duka huviuza kwa bei nafuu, na faida huenda shuleni au kwa wahitaji. Shirika la Oxfam, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1942, lilianza kuuza hivyo mjini Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kwetu Rwanda mitumba inaitwa caguwa, kutokana na neno la Kiswahili "chagua". Mwaka 2016 ushuru wa mitumba inayoagizwa nje ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ili viwanda vya nguo vya ndani vikue. Shati zuri ambalo tayari liko Kigali, basi, si takataka. Ni mali.

Sababu ya kushuka aya

Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Al-Baraa bin Azib (R.A.) kwamba Ansari walikuwa wakitundika vishada vya tende msikitini ili masikini wale. Baadhi wakaleta vishada vilivyovunjika na tende mbovu. Ndipo ikashuka aya ya 267, inayokataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe, tukipewa, tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Tunajifunza nini?

1. Kuukuu si kubaya. Aya haikukataza kutoa kilichotumika, imekataza kutoa kibovu. Kipimo ni wewe mwenyewe: ungepewa suruali hii, ungeivaa kwenda darasani? Ikiwa zipu imekufa, itengeneze kwanza. Mfuko wa matambara hausaidii shule, bali huwapa wahudumu kazi ya kuchambua na kutupa.

2. Duka ni wakala. Ukikabidhi kanzu yako ili iuzwe kwa ajili ya shule, wahudumu wamebeba amana. Hawachukui nzuri na kujiuzia kwa bei ya kutupa. Kasoro ya bidhaa huonyeshwa kwa mnunuzi, na hesabu ya mapato huandikwa.

3. Sadaka haifuti zaka. Zaka ina makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, ilhali duka humuuzia yeyote anayeingia. Basi nguo unazotoa zihesabu kuwa sadaka, na zaka yako itoe kwa wanaostahiki.

4. Heshima ya mnunuzi. Mama anayelipa faranga zake na kuchagua sare ya mwanawe haombi. Ameondoka na nguo, na shule imepata kitu. Tusimwangalie kana kwamba tumemfadhili.

Napendekeza jumuiya yetu ianze na meza moja tu mwisho wa muhula: wawili wa kupokea na kukagua, mmoja wa hesabu, na shule moja iliyotajwa tangu mwanzo ili kila mtoaji ajue sadaka yake inakwenda wapi.

Maswali ya halaqa

- Katika kabati lako, kipi unakipenda na bado unaweza kukitoa?
- Kitu kisichouzika kifanyweje bila kuvunja amana ya aliyekitoa?

Allah atukubalie kidogo chetu kilicho kizuri. Wallaahu a'lam.