SOMO LA KIINGEREZA: "MUST", "MAY", "SHALL" NA NDUGU ZAO



Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, na mwaka 2009 nchi ikaingia katika Jumuiya ya Madola. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo barua utakayopewa mkononi kutoka ofisi ya Kigali, iwe ya mahojiano, ya hospitali au ya shule ya mtoto, aghalabu huwa ya Kiingereza.

Wengi wenu mliosoma Goma, Bukavu au Bujumbura mlisomeshwa kwa Kifaransa. Maneno makubwa ya Kiingereza hayawasumbui sana, maana "document", "protection" na "nationality" yanafanana na yale mnayoyajua. Yanayoangusha watu ni yale madogo. Leo tutatazama vitenzi visaidizi vinavyoonyesha uwezo, ruhusa, lazima na dhana: "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will" na "would".

Kwanza umbo lake, nalo ni jepesi. Vitenzi hivi havibadiliki kwa mtu yeyote: "I can", "she can", "they can". Kitenzi kinachofuata hakichukui "to". Sisi husema "anaweza kwenda", na ile "ku-" inatuvuta tuseme "he can to go". Sema "he can go". Wala hatuviweki viwili pamoja. "Nitaweza kuja" si "I will can come" bali "I will be able to come".

Sasa tuingie kwenye maana, ambako ndiko kwenye hatari.

"Must" ni lazima. Ukishuka Nyabugogo ukapanda pikipiki, sheria ni "Passengers must wear helmets". Dereva atakupa kofia, na hakuna mjadala. Maneno "have to" yana maana hiyohiyo. Lakini ukiyakanusha yanaachana kabisa, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Tazama sentensi hizi mbili:

"You must not bring your children."
"You do not have to bring your children."

Ya kwanza inakataza: usilete watoto. Ya pili inasema si lazima uwalete, ila ukiwaleta hakuna kosa. Mtego unatokana na Kiswahili chetu. "Si lazima" ukiitafsiri neno kwa neno unapata "must not", na hapo umesema jambo jingine. Mama akipokea barua ya kwanza akaisoma kama ya pili, atapanda basi na watoto watatu hadi Kigali, na huenda wakazuiwa mlangoni. Akiisoma ya pili kama ya kwanza, atamwachia jirani mtoto anayenyonya bila sababu yoyote. Kwa hiyo unapoona "not", soma sentensi mara mbili.

"Should" ni nyepesi kuliko "must". "You should come early" ni ushauri: yafaa uje mapema. Aliyezoea "devoir" ya Kifaransa huyachanganya, kwa kuwa neno hilo hubeba yote mawili. Tena, "You should receive an answer in three weeks" maana yake ni kwamba ofisi inategemea utapata jibu katika wiki tatu. Hiyo si ahadi.

"May" ina nyuso mbili. "You may sit down" ni ruhusa: unaruhusiwa kukaa. "You may be called for an interview" ni huenda: huenda ukaitwa, huenda usiitwe. "Might" ni huenda iliyo dhaifu zaidi. Ukisoma "may" ya namna hiyo katika barua ya kuhamishiwa nchi ya tatu, usiuze sufuria wala usimtoe mtoto shuleni. Subiri barua yenye "will" na tarehe.

Sheria hutumia maneno haya kwa uangalifu mkubwa, na mfano ulio bora unatuhusu sisi wenyewe. Ibara ya 28 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1980, inazungumzia hati ya kusafiria. Kwa mkimbizi anayekaa nchini kihalali, mkataba unasema nchi "shall issue", yaani ni wajibu wake kumpa, isipokuwa kuna sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Katika ibara hiyohiyo, kwa mkimbizi mwingine yeyote aliyemo nchini, unasema "may issue", yaani inaweza kumpa. Neno moja limebadilika, na kilichokuwa wajibu kimekuwa hiari. Ibara ya 33, inayokataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini, nayo inatumia "shall". Nakala ya Kifaransa imetumia wakati ujao tu, "délivreront", mahali pa "shall issue". Usidhani ni habari ya siku zijazo. Katika sheria hiyo ni amri.

(Katika mazungumzo ya kila siku "shall" haina ukali huo. "Shall we go?" ni "twende?" tu.)

Jambo la mwisho linahusu mahojiano. Tumelikalia kwa muda mrefu kwa sababu ni zito.

Kiswahili husema "lazima atakuwa amefika" tukiwa tunakisia. "Must" nayo hukisia. Ukisema "My brother must be dead", msikilizaji ataelewa kwamba hukuona, unafikiri hivyo kutokana na yaliyotokea. Kama ndivyo ilivyo, sema hivyo, wala si kosa. Lakini kama ulimwona kwa macho yako, sema "My brother is dead. I saw him."

Vilevile "niliweza kutoroka usiku" isikupeleke kwenye "could". Kwa jambo lililotokea mara moja likafanikiwa, Kiingereza husema "I managed to escape", au "I escaped". Ukisema "I could have escaped", maana yake ni ningeweza kutoroka, lakini sikutoroka. "They could have burned our house" maana yake nyumba haikuchomwa. Mtu aliyechomewa nyumba akitamka sentensi hiyo, anayeandika ataandika kwamba nyumba ipo, na kesho atamuuliza kwa nini maelezo yake yanapingana.

Kwa hiyo hata kama Kiingereza chako ni kizuri, omba mkalimani ukiwa na mashaka. Mahojiano si mtihani wa lugha, na huduma za UNHCR, pamoja na ukalimani, hazilipiwi.

Neno dogo juu ya adabu. Kwetu, mtu akitaka kuomba kwa heshima hurudi nyuma kidogo: "nilikuwa naomba kuuliza". Waingereza hufanya vivyo hivyo kwa "could" na "would". Badala ya "I want a paper", sema "I would like a paper, please". Badala ya "Help me", sema "Could you help me, please?"

ZOEZI. Eleza kwa Kiswahili sentensi hizi, kisha tazama majibu hapa chini. Ya tano haikufundishwa, jaribu.

1. You may bring one family member.
2. Children must not be left alone at the gate.
3. You do not have to pay for this form.
4. You might be asked to come again.
5. Should you lose this card, report to the office at once.

MAJIBU. 1: Unaruhusiwa kuja na ndugu mmoja. 2: Ni marufuku kuwaacha watoto peke yao getini. 3: Si lazima ulipie fomu hii; mtu akikudai pesa, katoe taarifa. 4: Huenda ukaombwa urudi tena. 5: Ukipoteza kadi hii, toa taarifa ofisini mara moja. Hapa "should" imetangulia mwanzoni mwa sentensi, na maana yake ni "kama".