Baiskeli Ndani ya Gari la Familia: Somo kwa Wasafiri wa Mpakani



Likizo za shule zinapofika, magari ya familia huongezeka katika vituo vya mpaka vya Cyanika na Katuna. Wazazi huwapeleka watoto kuwasalimu babu na bibi walio ng'ambo, maana mpaka huu umepita katikati ya koo na si kando yake. Siku hizi, pamoja na magunia ya viazi na zawadi za ndugu, magari hayo hubeba baiskeli za milimani. Jambo hilo halishangazi. Mwezi Septemba 2025 jiji la Kigali lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Tena, kando ya Ziwa Kivu ipo njia ya Congo Nile, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambayo huwavutia waendesha baiskeli wengi.

Twafurahia kuona vijana wakipenda mchezo wenye afya. Hata hivyo, askari anaposimamisha gari na kukuta mtoto amebanwa katikati ya baiskeli mbili, usukani wa baiskeli umeelekea shingoni mwake, hana budi kuwauliza wazazi maswali. Wengine hudhani wanasumbuliwa. Somo hili limeandikwa ili kueleza sababu ya maswali hayo, na kuonyesha namna ya kusafirisha baiskeli ndani ya gari bila kuhatarisha maisha ya mtu.

1. Baiskeli ni mzigo, mtoto ni abiria

Kanuni ya kwanza ni hii: nafasi ya baiskeli isipatikane kwa kumwondoa mtu katika kiti chake. Gari la viti saba likikunjwa viti vya nyuma hubaki gari la watu watano. Kama familia ina watu sita, yule wa sita hawezi kuketi juu ya sanduku la vifaa wala kupakatwa. Kila msafiri na awe na kiti, na kila kiti kiwe na mkanda uliofungwa.

Mzazi anaweza kusema, "Safari ni fupi, nami nitaendesha polepole." Tufanye hesabu kidogo. Baiskeli ya milimani ya mtu mzima ina uzito wa kilo 14 hivi. Gari likienda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, baiskeli iliyo ndani nayo inakwenda kwa mwendo huohuo. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, baiskeli isiyofungwa haisimami. Huendelea mbele hadi izuiwe na kitu au mtu. Nguvu itakayompiga mtu huyo ni sawa na ya baiskeli iliyoangushwa kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani juu ya jengo la ghorofa. Mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, kimo hicho ni karibu mita 25. Hakuna mzazi ambaye angekubali mwanawe asimame chini ya ukuta ilhali mtu yuko juu na baiskeli mkononi. Lakini baiskeli isiyofungwa nyuma ya kiti cha mtoto ni jambo lilelile, isipokuwa huko huangukia mbele badala ya chini.

Kwa sababu hiyo, watu wakizidi nafasi, chagueni mojawapo: kufanya safari mbili, kutumia keria ya nje iliyofungwa barabara bila kuficha taa wala namba za gari, au kuzituma baiskeli kwa gari la mizigo.

2. Kuitayarisha baiskeli

Baiskeli nzima ina urefu wa karibu sentimita 180. Ukiliondoa gurudumu la mbele, urefu hupungua kwa karibu sentimita 35, na mara nyingi hiyo ndiyo tofauti baina ya mlango wa nyuma kufungika na kutofungika. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, pangusa matope. Tope la milimani huchafua mikanda ya viti, na mkanda uliojaa mchanga hauvutiki wala haurudi vizuri.

Pili, legeza gurudumu la mbele na ulitoe. Kama breki ni za diski na ndiyo kwanza baiskeli imeshuka mlima, usiguse diski, kwa kuwa huwa ya moto sana. Baada ya kulitoa gurudumu, ingiza kipande cha kadibodi ngumu kati ya vile vibao viwili vya breki. Mtoto akibonyeza breki ya mafuta ilhali gurudumu halipo, vibao hukutana na gurudumu halitaingia tena kwa urahisi.

Tatu, shusha kiti cha baiskeli hadi chini, kisha geuza usukani uwe sambamba na fremu. Pedali zinazochoma zifungwe kwa vitambaa. Msitumie mifuko ya plastiki kwa kazi hiyo: Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu mwaka 2008, na abiria wengi hunyang'anywa mpakani kwa kutojua.

Nne, kama itakubidi kuilaza baiskeli, ilaze kwa ubavu wa kushoto. Mnyororo na kile chombo kinachouhamisha katika gia viko upande wa kulia, na havifai kulaliwa. Tandika blanketi au mkeka chini, na kingine kati ya baiskeli moja na nyingine.

3. Kuipanga na kuifunga

Mahali pafaapo ni nyuma ya safu ya pili ya viti, baada ya kukunja safu ya tatu. Viti vya safu ya pili vibaki wima na vifungwe hadi visikie kufuli yake, kwa kuwa migongo yake ndiyo ukuta wa kwanza baina ya mzigo na watu. Baiskeli zisimame au zilale zikiwa karibu kabisa na migongo hiyo, ili zisipate nafasi ya kukimbia kabla ya kugonga. Zikisimama, moja ielekee mbele na nyingine nyuma, ili usukani wa moja usigongane na wa mwenzake. Ncha za foko zisielekezwe kwa watu.

Katika kufunga, tumieni mikanda ya mizigo au kamba imara. Wengi wetu tumezoea ule mpira unaokatwa kutoka katika tyubu kuukuu. Mpira huo ni mzuri kwa kubana kuni juu ya keria ya baiskeli, lakini hapa haufai peke yake, kwa sababu huvutika. Wakati wa ajali hurefuka na kuuachia mzigo kabla ya kukatika. Kamba ipitishwe ndani ya fremu, si kwenye gurudumu wala kwenye kiti cha baiskeli, kisha ifungwe kwenye pete za chuma zilizo sakafuni. Kama gari halina pete hizo, tumieni miguu ya chuma ya viti iliyokazwa sakafuni. Kila baiskeli ifungwe mahali pawili: mbele na nyuma.

Magurudumu yaliyotolewa, pampu, spana na chupa za maji visisahaulike. Spana ya nusu kilo ikiruka ni silaha. Vifaa vidogo viwekwe katika sanduku lenye kifuniko, nalo lifungwe chini kabisa.

Ukimaliza, shika kila baiskeli na kuitikisa kwa nguvu. Ikitikisika pamoja na gari, imefungwa. Ikitikisika peke yake, rudia kazi. Baada ya mwendo wa nusu saa simama mahali salama uangalie tena. Barabara ya Kabale hadi Kisoro ina kona nyingi za milimani, na kona huusukuma mzigo ubavuni jinsi breki inavyousukuma mbele. Kamba iliyokuwa imekaza nyumbani yaweza kuwa imelegea kabla ya kufika Kanaba.

4. Mpaka unapogeuza upande wa barabara

Hapa ndipo msafiri wa Cyanika au Katuna anapotofautiana na msafiri mwingine. Nchini Uganda tunapita kushoto. Ukiingia Rwanda unapita kulia, na ndivyo ilivyo pia Burundi na Kongo. Gari letu, ambalo usukani wake uko kulia, linapopita kulia, dereva huketi ukingoni mwa barabara, na magari mengine hupita upande wake wa kushoto. Upande huo ndio anaohitaji kuuona kuliko wote: anapotaka kulipita lori, anaporudi katika njia yake, na anapoingia barabara kuu.

Kwa hiyo, baiskeli zilizorundikwa hadi juu kwenye madirisha ya kushoto, ambazo huenda zisikusumbue sana hapa nyumbani, ng'ambo zitakupofusha upande wa hatari. Panga mzigo usipande juu ya kingo za madirisha. Hakikisha vioo vya pembeni vinaonyesha, na kioo cha ndani kinaona hadi dirisha la nyuma. Kama kioo cha ndani kimezibwa, punguza mzigo. Abiria wa mbele, ambaye sasa ameketi upande wa katikati ya barabara, anaweza kumsaidia dereva kutazama, lakini uamuzi wa kulipita gari jingine ni wa dereva; asipoona mwenyewe, asipite.

Jambo la pili ni mlango. Magari mengi ya aina hii yana mlango wa kusukuma upande wa kushoto, na mengine hayana mwingine. Hapa kwetu mlango huo hufunguka kuelekea ukingo wa barabara. Ukisimama kando ya barabara nchini Rwanda, mlango huohuo hufunguka kuelekea magari yanayopita. Mtoto aliyezoea kuruka nje ili ashushe baiskeli yake ataruka barabarani. Waelezeni watoto jambo hili kabla ya kuvuka. Simameni katika uwanja wa maegesho, si kando ya barabara. Mtu mzima ashuke kwanza. Na baiskeli zishushwe kwa mlango wa nyuma baada ya kila mtoto kusimama mahali salama.

5. Baiskeli na ijulikane mwenyewe

Katika maeneo ya mpakani, baiskeli iliyoibwa upande mmoja yaweza kuuzwa upande wa pili kabla mwenyewe hajamaliza kuitafuta. Hiyo ndiyo sababu askari huuliza, "Baiskeli hizi ni za nani?" Swali hilo si tusi. Ni ulinzi wako, maana siku moja laweza kuulizwa kwa mtu aliyebeba baiskeli yako.

Jibu liandaliwe nyumbani. Pindua baiskeli uangalie chini ya fremu, mahali mikono ya pedali inapokutana. Hapo mara nyingi pamepigwa namba. Iandike namba hiyo daftarini, piga picha ya baiskeli nzima, na utunze risiti. Mpakani, wataje maafisa wa forodha idadi ya baiskeli ulizobeba, na ueleze kwamba ni za matumizi yenu na mtarudi nazo. Asemaye mapema hahojiwi sana wakati wa kurudi. Pamoja na hayo, beba kadi ya gari, leseni, bima inayokubalika ng'ambo kama ile Kadi ya Njano ya COMESA, na hati za safari za kila mmoja, watoto wakiwemo.

Na kama mtu asiyejulikana akikuuzia baiskeli nzuri kwa bei ya kutupa, bila risiti, huku akikuhimiza uharakishe kuivusha, fahamu kwamba huenda anakuuzia kesi. Mjulishe askari au mwenyekiti wa kijiji.

Hitimisho

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kazi yote tuliyoieleza, yaani kutoa gurudumu, kutandika blanketi, kufunga kamba na kuandika namba, haizidi saa moja. Saa hiyo ndiyo bei ya kufika Rubavu watoto wakiwa wazima na baiskeli zikiwa zenu bila shaka. Askari atakapokusimamisha na kufungua mlango wa nyuma, na akute mzigo uliotulia na watoto waliofunga mikanda. Atakutakia safari njema, nawe utaendelea na njia yako.

Maswali ya kujipima, yajadiliwe nyumbani au katika kikao cha kijiji

1. Kwa nini baiskeli isiyofungwa ni hatari hata kwa dereva anayekwenda kwa kilomita 50 kwa saa?
2. Familia yenu ina watu wangapi, na gari lenu litabaki na viti vingapi baada ya kupakia baiskeli?
3. Kwa nini mpira wa tyubu hautoshi kufungia baiskeli ndani ya gari?
4. Mkivuka kuingia Rwanda, dereva anahitaji kuona zaidi upande gani, na watoto washuke kwa utaratibu gani?
5. Namba ya fremu ya baiskeli yako ni ipi? Kama huijui, inuka sasa ukaitazame.