Mimba Zinapotoka Mfululizo

Dada yangu alipoharibikiwa na mimba ya tatu, jamaa walisema ni jini. Wengine wakamshauri mumewe aoe mwingine. Vipimo vya damu vilionyesha kingamwili zinazogandisha damu kwenye kondo la nyuma. Vikarudiwa baada ya wiki 12, majibu yakawa yale yale. Kwa mimba itakayofuata, daktari amempangia aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini. Virusi navyo huharibu mimba, kama vya rubela, ambayo chanjo yake huchomwa kabla ya kushika mimba.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Subira haizuii kupima, wala dua haikatazi dawa. Tusimtuhumu mke kwa tusilolichunguza. Wallahu a'lam.