Kikombe cha Ghadhabu: Nani Hunywa Kwanza?

Mwalimu, kikombe ni kitu cha karamu. Mbona manabii wanakifanya hukumu?

Kikombe chenyewe hakina upande. Zaburi ya 23 ina kikombe kinachofurika, ya 116 ina kikombe cha wokovu. Ya 75 inakionyesha kikiwa mkononi mwa Bwana, divai inatoa povu, na waovu watainywa hadi sira, yale machicha yanayobaki chini. Mezani mwenyeji ndiye anayekujazia, na mgeni hachagui kilichomo. Manabii walishika hapo hapo.

Tuanzie kitabu gani?

Yeremia 25. Ni mwaka 605 KK, wa nne wa mfalme Yehoyakimu. Wamisri wametoka kupigwa Karkemishi, na Nebukadreza ndio kwanza anashika ufalme. Yeremia anaambiwa apokee kikombe cha divai ya ghadhabu na kuyanywesha mataifa, wayumbe kama walevi.

Soma orodha ile polepole, usiruke majina. Wa kwanza kunywa ni Yerusalemu na miji ya Yuda. Ndipo wanafuata Farao na watu wake, Gaza na Ashkeloni, Edomu, Moabu, Amoni, Tiro, Sidoni, hadi Elamu na Umedi. Aliyewahi kukaa pombeni kata ikizungushwa ataielewa picha hii: harukwi mtu. Na anayekataa kupokea? Mstari wa 28 umeshamjibu kwamba atakunywa tu. Nimesikia mahubiri mengi yanayokipeleka kikombe hiki moja kwa moja kwa adui. Nabii alikianzia nyumbani.

Wa mwisho ni "mfalme wa Sheshaki". Nchi gani hiyo?

Usihangaike na ramani. Ni Babeli kwa fumbo. Waandishi wa Kiebrania walikuwa na mbinu iitwayo atbashi: herufi ya kwanza ya alfabeti inabadilishana na ya mwisho, ya pili na ile iliyo ya pili kutoka mwisho, hivyo hivyo mpaka katikati. Babeli kwa Kiebrania huandikwa B-B-L. B inageuka SH, L inageuka K, unapata SH-SH-K.

Wapo wanaosema jina lilifichwa kwa kuwaogopa Wababeli. Sikubaliani nao, kwa sababu Yeremia 51:41 inataja Sheshaki na Babeli katika mstari mmoja. Sura hiyo hiyo, mstari wa 7, inaiita Babeli kikombe cha dhahabu mkononi mwa Bwana. Yaani chombo kilichowalevya wengine nacho kilikuwa na zamu yake ya kunywa. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliutwaa mji huo mwaka 539 KK.

Ni kama mwavi wa wazee wetu, ile dawa ya kumpima mshukiwa?

Kilicho karibu na mwavi ni maji machungu ya Hesabu 5, aliyonyweshwa mke aliyeshukiwa uzinzi. Yale yalikuwa ya kupima kama ana hatia. Kwa Yeremia kesi imekwisha, hukumu imetolewa.

Na "vitasa saba" vya Ufunuo 16?

Kijana mmoja aliniuliza kama ni vitasa vya mlango! Kitasa cha Biblia ya Muungano ni bakuli. Biblia ya Habari Njema inasema mabakuli. Kigiriki kinataja bakuli pana, la kumwagia. Kikombe chenyewe kipo pia: Ufunuo 14:10 ina divai isiyotiwa maji, nayo iliwatisha wasomaji waliozoea kuizimua.

Basi Yesu alikuwa na maana gani Gethsemane?

Aliomba kikombe kimwondokee, na ombi hilo lina mizizi. Katika Isaya 51 Yerusalemu, uliokwisha kunywa hadi sira, unaambiwa kikombe kimeondolewa mkononi mwake na kitapewa walioutesa. Kwa Yesu hakikuondolewa. Yohana 18:11 inamwonyesha akimzuia Petro na upanga wake, kwa kuwa kikombe amepewa na Baba na atakinywa.

Kabla ya hapo, katika Marko 10, Yakobo na Yohana walitaka viti vya kulia na kushoto. Yesu akawauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake. Wakajibu upesi kwamba wanaweza. Yakobo aliuawa na Herode kwa upanga. Habari yake iko Matendo 12:2.