Mlango wa Gereji Marekani: Lini Kibali, Lini Fundi Tu

Wengi wetu tulikulia mahali ambapo fundi huitwa asubuhi, na jioni mlango umeshasimama. Ndiyo maana Mkenya aliyenunua nyumba Dallas, au Mkongo aliyenunua Phoenix, huuliza habari ya kibali akiwa amekwisha kuchelewa: mlango mpya wa gereji umefungwa, fundi amelipwa, na sasa kuna karatasi ya idara ya majengo inayosema kazi imefanywa bila idhini. Fundi naye, akipigiwa simu, anajibu kwamba mlango wa gereji hauhitaji kibali popote. Hilo si kweli tupu, wala si uongo mtupu.

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima juu ya vibali vya ujenzi. Neno la mwisho ni la mji au kaunti yako, chini ya sheria za jimbo. Hata hivyo majimbo mengi yametunga kanuni zao kwa kufuata kielelezo kimoja cha nyumba za kuishi, kinachojulikana kwa herufi IRC, na humo mna msingi unaokusaidia kujua umesimama wapi. Matengenezo ya kawaida hayahitaji kibali. Lakini kazi ikigusa ukuta kwa kuukata, au ikiondoa au kukata boriti au nguzo inayobeba uzito wa nyumba, haihesabiwi tena kuwa matengenezo ya kawaida, hata fundi akiiita hivyo kwenye risiti.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, angalia kinachoguswa. Springi iliyokatika, kebo, magurudumu, reli iliyopinda, au kipande kimoja cha mlango kilichobonyea baada ya kijana kurudisha gari nyuma bila kutazama: hiyo kwa kawaida ni kazi ya fundi tu. (Ya springi usiifanye mwenyewe. Ile ya juu ya mlango imekazwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono.) Ukitaka kupanua tundu la ukutani, tuseme kuunganisha milango miwili midogo iwe mmoja mpana, unagusa linta inayobeba ukuta na paa. Hapo utahitaji kibali, na mara nyingi mchoro wa mhandisi pia.

Mabishano yako katikati: kuondoa mlango wote wa zamani na kuweka mpya wa ukubwa uleule. Ipo miji isiyojali, na ipo inayodai kibali. Florida ndiyo ya kuijua vizuri, kwa sababu kule sharti hilo lilizaliwa na msiba.

Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa kaunti ambayo leo inaitwa Miami-Dade. Wataalamu waliokagua mabaki waliona jambo lilelile likijirudia: mlango wa gereji ulishindwa kwanza, kisha paa likafuata. Mlango huo ndio uwazi mpana kuliko wote katika nyumba ya kawaida, na mara nyingi umefunikwa kwa bati jembamba. Ukibonyea na kutoka kwenye reli, upepo unaingia ndani na kusukuma paa kutoka chini, huku upepo wa nje ukilivuta kutoka juu, kama mwavuli unaopinduliwa. Florida ikaandika upya kanuni zake, na tangu tarehe 1 Machi 2002 jimbo zima linatumia kanuni moja ya ujenzi. Kaunti za Miami-Dade na Broward ziliwekewa masharti makali zaidi kwa ajili ya vimbunga vya kasi kubwa.

Matokeo yake unaweza kuyaona mwenyewe. Simama ndani ya gereji ya Florida iliyofungwa mlango wa kisasa, utafute lebo upande wa ndani. Utakuta jina la kiwanda, aina ya mlango, namba ya idhini, na tarakimu mbili za presha, moja ya kujumlisha na nyingine ya kutoa. Ya kwanza ni nguvu ya upepo unaosukuma mlango kuingia ndani, ya pili ni ya upepo unaouvuta nje. Namba ya idhini ina karatasi zake, na karatasi hizo zinaeleza reli iwe na unene gani, vyuma vya kukaza vipite wapi na skrubu ziwe ngapi. Mkaguzi akija analinganisha mlango uliofungwa na karatasi hizo. Fundi akipunguza skrubu ili awahi nyumba nyingine, mlango uliopitishwa kiwandani haupo tena ukutani kwako, hata kama lebo bado imebandikwa.

Kibali chenyewe kina faida. Kampuni za bima Florida hutakiwa kupunguza malipo kwa nyumba yenye kinga ya upepo, na kinga ya mlango wa gereji huangaliwa katika ukaguzi wa punguzo hilo. Karatasi za kibali ni ushahidi mzuri. Pwani ya Texas nako, katika kaunti 14 za ufukweni na sehemu ya kaunti ya Harris, kuna cheti cha upepo kinachosimamiwa na idara ya bima ya jimbo. Nyumba isiyo nacho inaweza kukosa bima ya upepo ya mfuko maalumu wa maeneo hayo ya ufukweni. Ukibadilisha mlango huko, uliza juu ya cheti hicho pamoja na kibali.

Mota ya kufungulia mlango ina mambo yake. Kuchomeka mota mpya kwenye soketi iliyopo kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kuvuta waya mpya kutoka kwenye boksi la umeme, mara nyingi kunahitaji kibali cha umeme. Sheria ya shirikisho inataka kila mota ya nyumbani iliyotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 iwe na kinga ya kutombana mtu, ndiyo maana kuna zile sensa mbili karibu na sakafu. Lipo jaribio rahisi: laza kipande cha mbao ya mbili kwa nne chini ya mlango, kisha ufunge. Mlango ukigusa mbao usiporudi juu, mwite fundi, wala watoto wasipite hapo.

California imeongeza sharti lake. Baada ya mioto ya 2017, umeme ulipokatika na watu wakashindwa kutoa magari, jimbo lilipitisha sheria kwamba tangu tarehe 1 Julai 2019 mota inayofungwa kwenye gereji ya nyumba lazima iwe na betri ya akiba. Wengi hawajui kwamba sharti hilo linagusa hata anayenunua mlango peke yake: mlango mpya hauruhusiwi kuunganishwa na mota ya zamani isiyo na betri. Kwa hiyo fundi akikuambia huko California kwamba lazima ununue na mota, huenda hakuibii.

Sasa ni nani achukue kibali? Hapa ndipo nawaona watu wetu wakiumia kuliko penginepo. Fundi asiye na leseni anakuambia kwa upole: wewe ni mwenye nyumba, kachukue kibali kwa jina lako, itakuwa rahisi. Ni kweli mara nyingi mwenye nyumba anaruhusiwa. Lakini Florida, kwa mfano, utatakiwa kusaini tamko kwamba wewe ndiye unayesimama mahali pa mkandarasi, kwamba utaisimamia kazi mwenyewe, na kwamba hutamwajiri mtu asiye na leseni afanye kazi ya ukandarasi. Mlango ukianguka au kibarua akiumia, karatasi inakutaja wewe. Mwenye kazi halali huchukua kibali kwa leseni yake, na namba ya leseni unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya jimbo kabla hajashusha vyombo. Texas haitoi leseni ya jimbo kwa wakandarasi wa jumla, kwa hiyo huko shikilia zaidi mkataba wa maandishi, cheti cha bima yake, na kibali chenyewe pale mji unapokidai.

Usilipe zote mwanzoni. California imeweka kikomo: malipo ya awali ya kazi ya kuboresha nyumba yasizidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Kuna haki nyingine ambayo wachache wanaitumia. Muuzaji akikuuzia nyumbani kwako kitu cha dola 25 au zaidi, kanuni ya shirikisho inakupa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za shirikisho hazihesabiwi. Kama ulimwita aje kurekebisha springi, ukarabati huo na vipuri vyake haviingii humo. Lakini akitumia ziara hiyo kukuuzia mlango mzima mpya, kwa kawaida mlango huo unaingia. Tena mkataba unatakiwa uandikwe kwa lugha aliyoitumia kukushawishi. Akikubembeleza kwa Kiswahili sebuleni kisha akakutolea karatasi za Kiingereza tupu, amevunja kanuni, na hilo uliseme kwenye barua yako ya kuvunja mkataba.

Mkaguzi asikutishe. Kazi yake ni kuangalia jengo, na anapaswa kuonyesha kitambulisho na kuomba kuingia. Mwaka 1967, katika kesi ya Camara iliyotokea San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu akimkatalia mkaguzi wa nyumba kuingia, serikali kwa kawaida inahitaji hati ya mahakama, na haiwezi kumwadhibu kwa kukataa tu. Ila ukishaomba kibali, umekubali kazi ile ikaguliwe; ukimzuia mkaguzi huyo, kibali chako hakitafungwa, yaani hakitathibitishwa kwamba kazi imekamilika. Na ombi likikataliwa, chini ya kielelezo cha IRC ofisi inatakiwa kukupa sababu kwa maandishi. Zidai, maana ndizo utakazopeleka kwenye bodi ya rufaa.

Kuondoa mlango, kujenga ukuta na kumweka shangazi aliyekuja kutoka nyumbani ni kazi ya namna nyingine kabisa. Hiyo ni kubadilisha matumizi ya chumba, na inahitaji kibali. Chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha au mlango wa kutokea nje moto ukitokea. Ukigawa gereji nusu, kanuni za kawaida zinakataza mlango wa kutoka penye magari kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha kulala, na mlango wa kutoka gereji kwenda ndani ya nyumba uwe, kwa mfano, wa mbao nzima au wa kuhimili moto dakika 20. Shangazi anayelala karibu na tangi la petroli la gari ndiye aliyeandikiwa kanuni hiyo.

Kama kazi imeshafanyika bila kibali, nenda mwenyewe ofisi ya majengo uombe kibali cha kuhalalisha kazi hiyo kabla barua haijaja au mnunuzi hajaligundua. Miji mingi hutoza ada ya ziada. Chukua risiti, picha, na namba zilizo kwenye lebo ya mlango, kwa sababu hizo ndizo zitakazoamua kama mlango utabaki au utang'olewa. Mkaguzi akishapitisha, omba uthibitisho kwamba kibali kimefungwa na uhifadhi nakala pamoja na hati ya nyumba.